Cheti Kiko Ukutani, Chungu Je? Namna ya Kukagua Kibanda cha Chakula Lamu

Keti kwenye benchi la muuza viazi vya karai pale Mkunguni, mjini Lamu, au ingia mkahawa mdogo wowote wa mtaa wa Langoni, na mara nyingi utaona karatasi tatu: leseni ya biashara, leseni ya usafi wa chakula, na cheti cha afya cha mhudumu. Nyingine zimetiwa kwenye fremu, nyingine zimegandishwa ukutani hadi zimepata madoa ya mafuta. Mteja akiziona moyo hutulia, akaagiza.

Karatasi hizo zina kazi yake, lakini kila moja inasema jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo huu unaeleza zinasema nini, wapi ukaguzi wa serikali humlinda mlaji kweli, na namna ya kutazama yale ambayo bwana afya hawezi kuyaona. Ni wa mteja na mwenye kibanda pamoja, maana wote wanatazama chungu kile kile.

Soma karatasi kabla ya kuziamini

Leseni ya biashara ni risiti ya kaunti. Inasema mwenye duka amelipa. Kuhusu mbaazi haisemi kitu.

Leseni ya usafi hutolewa kwa mwaka, chini ya Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254). Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, kazi ya kuwapa leseni wauza chakula na kuwasimamia ni ya kaunti. Afisa hutazama jengo: choo, chanzo cha maji, mtaro, sakafu, moshi unatokea wapi, taka zinatupwa wapi. Anaona hali ya siku moja, saa moja. Siku nyingine 364 ziko mikononi mwa mpishi.

Cheti cha mhudumu hudumu miezi 6. Mtu hupeleka choo na mkojo, hupimwa, hupigiwa mhuri. Kwanza angalia jina na tarehe, kwa sababu wafanyakazi wa vibanda hubadilika kama upepo. Si ajabu cheti kikawa cha kijana aliyekwisha kurudi kwao Faza, na anayekupakulia leo hajapimwa popote. Kisha elewa mipaka ya kipimo chenyewe. Darubini huona mayai ya minyoo na amiba. Haioni kirusi cha homa ya ini aina ya A, na mtu aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuugua huvitoa siku hii, siku ile asivitoe. Zaidi ya yote, aliyepimwa Januari akiwa mzima anaweza kuanza kuhara Februari. Tangu 1989 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kuwapima wahudumu wote kila baada ya muda hakuleti kinga inayolingana na gharama yake; kinacholeta kinga ni mhudumu kusema "leo tumbo linanisumbua" na kukaa mbali na jikoni bila kukatwa mshahara. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Kijana wa kibarua akijua atapoteza posho ya siku, atanyamaza na atakanda mahamri.

Basi ukaguzi unafaa?

Unafaa kwa mambo yasiyobadilika upesi. Lamu mjini nyumba zimebanana, visima vya zamani na mashimo ya vyoo yanapakana, na mitaro inapita vichochoroni pale pale punda wanapopita. Mteja hawezi kujua kisima cha nyuma ya mkahawa kiko hatua ngapi kutoka shimo la choo, wala hawezi kupeleka maji maabara. Afisa anaweza. Anaweza pia kutoa ilani ya kurekebisha, kutwaa chakula kibovu, na kwenda mahakamani. Ukiona kibanda kimehamishwa kutoka juu ya mtaro, hiyo ni faida ya ukaguzi hata kama mwenyewe alinung'unika.

Kwingineko matokeo yamekuwa mchanganyiko. Los Angeles, Marekani, ilianza mwaka 1998 kubandika herufi za A, B na C milangoni mwa mikahawa. Utafiti wa mwanzo ulisema wagonjwa wa chakula waliolazwa walipungua. Waliorudia hesabu baadaye walikuta upungufu ule ulikuwa na sababu nyingine. Jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, alama za ukaguzi za mikahawa iliyozusha milipuko ya magonjwa hazikutofautiana na za ile isiyozusha.

Jaribio lililo karibu nasi zaidi lilihusu vituo vya afya, si vya chakula, na lilifanyika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru. Vituo vilivyokaguliwa kwa orodha iliyo wazi, vikapewa alama, muda wa kurekebisha na siku ya mkaguzi kurudi, viliboresha usalama wa wagonjwa kuliko vilivyoachwa kwenye utaratibu wa zamani. Kwa maoni yetu kurudi huko ndiko kwenye uzito. Ukaguzi wa kuja mara moja na kuondoka na bahasha ya ada haumbadilishi mtu.

Kinachoumiza ni saa, na saa haina cheti

Chukua sufuria ya mbaazi za nazi. Imepikwa saa kumi za usiku, tui zito limemiminwa mwisho. Saa kumi na mbili asubuhi inatoka mvuke. Makaa yanaisha, hayaongezwi kwa sababu mbaazi zitashika chini. Saa tatu sufuria ni vuguvugu: ukiweka kiganja ubavuni unavumilia bila shida. Saa tano bado inauzwa. Bwana afya akipita saa nne atakuta sufuria safi, ina kifuniko, muuzaji ana aproni. Ataandika nini?

Vijidudu huzaana kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi, na joto wanalolipenda zaidi ni lile la mwili wa binadamu. Katika hali nzuri kwao mmoja huwa wawili kila dakika 20. Kwa saa 4 mmoja huwa 4,096; kwa saa 6 hupita 262,000. Tui la nazi lina mafuta, maji na utamu kidogo, na mbaazi zina protini: wamekaribishwa karamu. Ndiyo maana mbaazi huchacha mapema. Zikishachacha utajua kwa ulimi, lakini kuna saa kadhaa kabla ya hapo ambapo hazina dalili yoyote na tayari zina madhara.

Kwa mwenye kibanda, namna ya kufanya ni hii. Tia chumvi na viungo kwenye sufuria kubwa ya mbaazi zisizo na tui, iendelee kuchemka polepole. Kila saa moja na nusu chota kiasi kitakachouzwa, weka sufuria ndogo, mimina kasimile (lile tui zito), chemsha hadi itokote kote, uza. Kinachobaki kwenye sufuria ndogo baada ya saa 2 bila moto kitupwe. Utapoteza vikombe viwili vitatu vya mbaazi kwa siku. Ni bei ndogo.

Kwa mteja: angalia moto upo chini ya sufuria, si kando yake. Angalia mvuke. Uliza "Za saa ngapi, mama?" kwa adabu, naye atakujibu, anayepika vizuri huwa na fahari ya kusema. Halafu tazama upawa. Ukiwa umelazwa juu ya tambara bichi, nzi wakitua juu yake, kisha ukarudi ndani ya sufuria, hapo pana habari zaidi kuliko cheti.

Wali wa jana

Kiporo cha wali kina balaa lake peke yake. Mchele huja na mbegu za kijidudu kiitwacho *Bacillus cereus*, ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria kubwa usiku kucha, katikati unabaki vuguvugu hadi asubuhi, mbegu zinachipua na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto, hata ukikaanga ukaunguza. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula, akamlaumu mchuzi.

Wali utakaotumika kesho utandazwe kwenye sinia usizidi vidole vitatu kina, upepewe, uingie friji ndani ya saa 2. Hauna friji? Pika kidogo, umalize. Wakati wa Maulidi, wageni wakijaa, vyungu hupikwa vikubwa kuanzia usiku na wali hulundikwa kwenye mabeseni yenye vifuniko. Hapo pilau inakaa kwenye joto baya saa nyingi kuliko siku ya kawaida. (Na mapishi ya harusi nyumbani hayaombi leseni wala hayamwoni mkaguzi, ingawa yanalisha watu mia tano.)

Samaki wa kuwasha

Jodari, nguru na vibua wakikaa juani baada ya kufa hujenga sumu iitwayo histamini. Haina harufu wala haionekani, na moto hauiondoi. Aliyekula huhisi midomo ikichoma kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mapigo yanaenda mbio, ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Watu husema "nina aleji ya samaki". Kama unakula changu na tafi bila shida na siku moja tu jodari akakuwasha, shuku barafu kabla ya kushuku mwili wako.

Kipimo cha nchi za joto ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Barafu ipondwe, iwekwe tabaka: barafu, samaki, barafu. Sanduku liwe na tundu chini maji yatoke, maana samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anaoza taratibu. Samaki awekwe barafu akiwa bado baharini chomboni, si gatini. Aliyenaswa na wavu usiku amekwisha kufa saa kadhaa kabla ya kuvutwa, kwa hiyo hana muda wa kusamehewa. Mteja asiridhike na jicho kung'aa na shavu jekundu. Ishara hizo zinafaa kwa uozo wa kawaida, lakini histamini inaweza kuwemo na jicho bado linang'aa. Uliza ameingia saa ngapi, na tazama kama barafu ipo sasa hivi.

Mikono, na kibuyu chirizi

Kosa linaloonekana kila siku: mkono uliopokea noti ndio unaoshika sambusa. Glavu haisaidii ikiwa ndiyo hiyo hiyo inayopokea pesa. Ni ngozi ya pili iliyo chafu, na aliyeivaa haoshi kwa kuwa hajisikii kuchafuka. Bora koleo, au kipande cha karatasi safi, na mtu mmoja wa pesa, mmoja wa chakula. Kibanda cha mtu mmoja kiweke kikombe: mteja adondoshe pesa mwenyewe, achukue chenji mwenyewe.

Pasipo mfereji, tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5. Toboa tundu dogo kwa msumari uliochomwa moto, sentimita 12 hivi kutoka chini upande ulio mbele ya mshikio. Toboa tundu jingine kwenye kifuniko, pitisha kamba, ifunge kwa fundo ndani. Tundika dumu kwenye ufito kwa mshikio wake, funga ncha ya kamba kwenye kijiti kinacholala chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono haugusi chochote. Sabuni ipitishwe uzi, itundikwe pembeni. Mahali inapokosewa ni tundu: likiwa kubwa maji yanaisha kabla ya saa nne na hakuna wa kujaza, likiwa chini mno linavuja muda wote. Weka kokoto chini, la sivyo patakuwa tope na watu watakwepa. Sugua sekunde 20, na kucha zisisahauliwe.

Sahani na maji

Karai moja ya maji yenye rangi ya chai, sahani thelathini zimepita humo, kisha zinafutwa kwa tambara lililokuwa begani. Hapo ugonjwa wa mteja wa kwanza unamfikia wa mwisho. Weka karai tatu: ya kwanza maji ya moto na sabuni, ya pili ya kusuuza, ya tatu klorini. Kwa jiki (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, vijiko vya mezani 2 kwa lita 10 za maji vinatosha. Sahani ikae dakika 2, isimamishwe ikauke kwa upepo. Tambara litupwe. Maji ya tatu yabadilishwe kila baada ya saa 4, au mapema yakiwa na mafuta, kwa sababu uchafu hula klorini. Chupa isikae juani, na isichanganywe kamwe na dawa ya choo: hutoa gesi inayounguza mapafu.

Maji ya kunywa na ya juisi ni hesabu nyingine. Kwa ndoo ya lita 20 yenye maji maangavu, robo ya kijiko cha chai cha jiki hiyo hiyo, koroga, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, chuja kwa kitambaa kisafi kilichokunjwa mara nne, kisha tia nusu kijiko. Ukinusa baada ya nusu saa pawe na harufu hafifu ya klorini. Isipokuwepo, rudia kipimo. Tia klorini kabla ya ukwaju, usitie baada. Ukwaju, sukari na nyama ya embe huinyonya yote, ukabaki na ladha mbaya bila kinga. Barafu ni maji tu: ukiona kipande kinavunjwa juu ya gunia, hata juisi nzuri imeharibika.

Mtungi wenye kata unapendeza, lakini kila anayechota anazamisha vidole. Ndoo yenye bomba ndiyo salama. Mwenye kupenda mtungi aweke kata yenye mpini mrefu na asimwachie mteja achote.

Mengine kwa haraka. Nyama mbichi ya mishkaki na nyanya za kachumbari zisikutane ubao mmoja wala kisu kimoja. Kawa, kile kifuniko cha kusukwa, liwekwe juu ya chakula, si juu ya meza likingoja nzi waje. Mafuta ya karai yakiwa meusi, yanata na yanatoa moshi kabla ya viazi kuingia, yamwagwe. Na umeme ukikatika: friza iliyojaa ikifungwa hubaki na baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4. Ili ujue ulipotea usiku ukiwa umelala, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, acha ndani ya friza. Asubuhi sarafu ikiwa imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama nayo pia.

Daftari la senti kidogo

Mwenye kibanda anunue kipimajoto cha sindano. Akijaribu kwenye maji yanayochemka: hapa pwani tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kisome 100, kwenye barafu iliyopondwa yenye maji, kisome 0. Kisha daftari lenye safu nne: chakula, saa kilipoiva, joto saa ya kuuza, na nani leo anaumwa tumbo. Kinachokaa motoni kisishuke chini ya 60. Kinachopashwa kifike 75 katikati. Kuandika kunachukua dakika tatu kwa siku. Bwana afya akija mwonyeshe daftari hilo kabla ya fremu, naye atakuwa na jambo la kukagua linalozidi ile siku yake moja. Akikuta kosa, omba ilani ya maandishi yenye kosa, muda wa kurekebisha na tarehe ya kurudi. Ada ilipwe kaunti, kwa risiti. Anayetaka mkononi bila risiti hajakagua kitu.

Ukishaumia

Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele ni dharura: hospitali mara moja, na njiani unywe lita 1 ya maji salama yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo. Toa sampuli ya choo kabla ya kumeza dawa yoyote ya kuua vijidudu, la sivyo huenda maabara isikute kitu.

Kisha andika: ulikula nini, wapi, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, na nani mwingine alikula na kuugua. Wawili waliokula chungu kimoja wana uzito kuliko mmoja anayelalamika. Kama mabaki yapo, yatie chombo safi, uweke frijini. Peleka yote ofisi ya afya ya umma, taja saa kabla ya kutaja jina la mwenye kibanda, kwa sababu saa ndiyo inayomwambia afisa atafute sumu ya wali, histamini au kipindupindu. Omba kujua lini atakwenda pale, na lini atarudi mara ya pili. Siku hiyo ya pili pita wewe pia, ukanywe chai, utazame upawa umelala wapi.